Presha ya macho ya mama: watoboe njia au waweke mrija?

Bint_Kurasini: Wadau naombeni mawazo. Mama jicho la kushoto linavimba kwa ndani tangu mwaka juzi, wanaita yuveitisi, sasa presha imefika 38 wakati kawaida mwisho 21. Matone yamegoma. Daktari mmoja anataka trabekulektomi, yaani wanatoboa kinjia maji ya jicho yatoke, mwingine anasema aende moja kwa moja kwenye mrija wa Ahmed, yaani kimrija kinawekwa jichoni kutoa hayo maji. Nyie mngechagua nini?

MzeeWaTabata: Mrija, mwanangu. Jicho lililozoea kuvimba linaziba kile kinjia kwa kovu, wanapaka dawa ya kuzuia kovu, mitomaisini, lisizibe na bado linaweza kuziba. Mimi langu liliziba mwezi wa tano nikarudishwa mezani. Ila watulize uvimbe kwanza, hata miezi mitatu, labda presha ikatae kabisa kusubiri. Na haya mengi mnayaleta wenyewe na matone ya deksa, hiyo steroidi ya kwenye maduka ya dawa.

Duka_la_Kona: Mzee hapo umenikosea. Nauza dawa Mbagala miaka 9, mtu anakuja jicho jekundu hana hata nauli ya kwenda hospitali, nimfukuze?

Nesi_Ilala: Mwambie aende kaka yangu. Steroidi kwa baadhi ya watu inapandisha presha ndani ya wiki chache na hasikii chochote, anaona jicho limekuwa jeupe anakushukuru, huku mshipa wa kuonea unakufa na ukifa haurudi.

Duka_la_Kona: Steroidi hiyohiyo si ndo hospitali wanampa huyo mama kutuliza uvimbe? Mbona wao hamuwasemi?

Nesi_Ilala: Wao wanampima presha kila akirudi. Wewe hapo kaunta una kipimo?

Duka_la_Kona: Usiniongeleshe kama mtoto dada.

Kijana_Sinza: Na leza je? Shangazi alipigwa leza presha ikashuka.

Nesi_Ilala: Ile ya kuunguza panapotengenezwa maji? Kwa jicho la uvimbe naiogopa, inaweza kuamsha uvimbe upya au presha ikashuka mpaka jicho likasinyaa.

Bint_Kurasini: Jamani nimeuliza ya mama mnagombania duka. Anaukataa mrija, kasikia ni plastiki inabaki jichoni maisha yote.

MzeeWaTabata: Unabaki kweli, kile kibamba chake kinafichwa upande wa juu, chini ya kope, mimi wangu siusikii. Mlete Tabata nimwonyeshe.

Duka_la_Kona: Mzee, la nauli hujanijibu.