Albamu ya prodyuza iliyojaa wageni: mwenyewe ni nani?

Mtoa mada

Wakuu, habari za jioni.

Juzi tulikuwa kijiweni, watu watano na spika moja, nikaweka "Soul Survivor" ya Pete Rock, ile ya 1998. Hata wimbo wa tatu haujaisha, mwenzetu mmoja akauliza, "Sasa mwenye albamu anaimba saa ngapi?" Ubishi ukaanzia hapo, ukaenda mpaka muuza kahawa akakusanya vikombe vyake akaondoka. Hatukuafikiana, na mimi sikulala vizuri, kwa sababu naona prodyuza anadhulumiwa heshima yake. Nauleta mjadala kwenu.

Kwa ambaye hamfahamu: Pete Rock ni mtengeneza midundo ya hip hop wa Mount Vernon, jirani na jiji la New York. Alijulikana akiwa na C.L. Smooth, yeye akipika biti na mwenzake akichana, yaani akirap. Walitoa "Mecca and the Soul Brother" mwaka 1992 na "The Main Ingredient" mwaka 1994, kisha wakaachana. Alipokuja na albamu yenye jina lake peke yake aliita watu: Inspectah Deck, Kurupt, Raekwon, Ghostface Killah, Prodigy, Big Pun, Noreaga, Common, Method Man, Kool G Rap, Large Professor, Black Thought. Orodha inaendelea.

Hoja za waliopinga pale kijiweni zilikuwa mbili. Ya kwanza, kwamba hiyo si albamu, ni kapu la sokoni: kila mgeni katupia chake, hakuna stori inayotoka mwanzo hadi mwisho. Ya pili, kwamba wasanii ndio waliofanya kazi, prodyuza amepachika jina lake juu ya jasho la watu.

Mimi nasema hapana kwa zote mbili. Chukua "Tru Master". Anayechana kwanza na anayefuatia ni Inspectah Deck wa kundi la Wu-Tang, mtu wa Staten Island huko New York, na Kurupt, ambaye jina lake lilikuzwa Los Angeles akiwa na lebo ya Death Row. Sasa kumbuka ni mwaka gani. Tupac aliuawa Septemba 1996, Biggie akauawa Machi 1997. Kidonda cha pwani mbili, uhasama wa wachanaji wa Los Angeles na wa New York, bado kibichi kabisa. Pete Rock anawakalisha watu wa pande zote mbili kwenye mdundo mmoja, na hamna hotuba ya amani wala nini, wanachana tu kama majirani. Nani kapanga hivyo? Si Deck, si Kurupt. Ukienda kwenye shughuli ukakuta mahasimu wa mtaa wamekaa mkeka mmoja wanakula sinia moja, unampongeza mwenye shughuli, humuulizi mbona yeye hakuimba taarab.

Halafu sikiliza "Da Two". Pale kamrudisha C.L. Smooth, yule yule waliyeachana. Mdundo umetulia, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi amalize kusema. Haikuwa biti iliyokaa kwenye kabati ikisubiri mteja yeyote. Ilipikwa kwa ajili ya sauti ile moja.

Tena tuangalie kazi yenyewe. Mashine iliyompa jina, SP-1200, ina nafasi ya sekunde 10 tu za kusampo, yaani kunasa vipande vya sauti. Sekunde 10! Mtu anapekua santuri za watu wa jazi na soul, anadonoa tarumbeta hapa, besi pale, ngoma kwingine, anavibana vyote humo, na vinatoka vikiwa na sauti ambayo ukiisikia tu unasema huyu ni Pete Rock, hata kabla mtu hajafungua mdomo. Kama hiyo siyo saini, saini ni ipi?

Kasoro zipo, siwezi kuficha. "Massive", aliyomweka binamu yake Heavy D na Beenie Man, mimi huiruka. Ni kama umekaa sebuleni na mtu akafungua dirisha la disko. Na Pete Rock mwenyewe huchana humo (kwa taarifa ya yule ndugu wa kijiweni), lakini akisimama karibu na Kool G Rap unaona wazi nani fundi wa nini.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1988 Marley Marl wa Queensbridge alitoa "In Control, Volume 1", albamu ya prodyuza ambayo wachanaji wote ni wageni wake. Humo ndimo ilimo "The Symphony": Masta Ace, Craig G, Kool G Rap na Big Daddy Kane, vesi baada ya vesi, juu ya kinanda kilichotoka kwenye wimbo wa Otis Redding, mwimbaji wa soul. Masta Ace alikuwa hajulikani, alifika kwa Marley kwa kushinda shindano la kuchana ambalo zawadi yake ilikuwa muda wa studio. Ndiye aliyefungua wimbo. Bila jicho la prodyuza, yule kijana angebaki na zawadi yake ya masaa machache basi.

Naomba maoni yenu. Nawasilisha.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, umeandika kwa mapenzi na nimekuelewa, lakini nakupinga.

Mwaka mmoja tu baada ya hiyo "Soul Survivor", Novemba 1999, Dr. Dre, prodyuza na mchanaji wa upande wa Los Angeles, alitoa albamu ya "2001". Nayo imejaa wageni: Snoop Dogg, Eminem, Xzibit, Nate Dogg, Kurupt huyo huyo, Mary J. Blige, na Hittman ambaye yupo kila ukigeuka. Mbona hakuna anayeiita kapu la sokoni? Mimi nimelifikiria sana jambo hili. Kwa Dre, wageni wanamzungumzia mwenye nyumba. "Forgot About Dre" inamhusu yeye. "What's the Difference" inamhusu yeye. Hata akinyamaza, yupo. Mwishoni kuna wimbo wa kumlilia mdogo wake aliyefariki, na mdundo wake hata hakuupiga yeye, aliupiga Lord Finesse. Lakini ukimaliza kuisikiliza unajua Dre ametoka wapi na anamkasirikia nani.

Kwa Pete Rock kila mgeni anajizungumzia mwenyewe. Raekwon anasimulia ya kwake, Big Pun ya kwake, wanaondoka. Nimeisikiliza miaka mingi na bado sijui Pete Rock alikuwa anapitia nini 1998. Midundo mizuri, ndiyo. Albamu ni zaidi ya midundo mizuri.

Mdau wa Nairobi

Wadau, hamjambo. Naongea kama mtu aliyelelewa na mikusanyiko, yaani albamu za wasanii wengi chini ya jina la prodyuza.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sisi huku tulikuwa tunanunua jina la Ogopa Deejays kabla ya kuangalia msanii. E-Sir, Nameless, Redsan, wote tuliwapokea kupitia kwa maprodyuza wale. Ukisikia ile besi kwenye matatu unajua ni Ogopa, hata kama mchanaji ni mgeni masikioni. Na E-Sir alipofariki Machi 2003, akiwa kijana mdogo sana, zile kanda zilikuwa ndizo tulizobaki nazo. Kwa hivyo mtu akiniambia mkusanyiko hauna roho, hanielewi kabisa.

Ila nakubaliana na mchangiaji wa pili kwa kitu kimoja. Mkusanyiko hauwezi kukupa mtu mmoja. Unakupa mtaa. Mimi naona zote ni albamu, ila masikio ya kusikiliza ni tofauti. Ukiingia kwa Pete Rock ukitafuta wasifu wa Pete Rock utatoka mikono mitupu, na kosa litakuwa lako.

Mdau wa Morogoro

Mtoa mada, umegusa palipouma.

Nina studio ndogo hapa Moro, chumba kimoja, ukutani magodoro. Mwaka juzi nilikusanya wachanaji tisa nikatengeneza albamu yenye jina langu. Kijana mmoja alikuja na vesi aliyoiandikia biti nyingine kabisa, ya kasi. Akiiweka juu ya mdundo wangu anakimbia kama anafukuzwa. Nikazima kila kitu nikamwachia besi peke yake, nikamwambia kaa, usichane, sikiliza. Dakika kumi nzima. Kisha akachukua kalamu akaanza kufuta mbele ya macho yangu, karibu mstari mmoja kwa kila mitatu. Aliporudi kwenye maiki, ile vesi ilikuwa inatembea. Karatasi ile ninayo mpaka leo.

Ilipotoka, watu wakasema jamaa kaua. Kweli kaua. Lakini mistari aliyoifuta nani ameisikia?

Wageni wawili hawakuja, walinitumia vesi kwa simu kutoka Dar. Ndizo nyimbo mbili dhaifu humo ndani, na nilizisikia ni dhaifu, nikaziacha kwa sababu majina yao ni makubwa. Hilo ni kosa langu na bado linaniuma. Kwa hiyo ndugu anayeita kapu la sokoni hakosei kila mara. Kapu linapatikana prodyuza anapoogopa kumrudisha mgeni.

Redio moja ikapiga wimbo mmojawapo. Mtangazaji akataja wachanaji wote, mimi hakunitaja. Mama alikuwa anasikiliza, akanipigia: "Mbona hawajakutaja, baba?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Mchangiaji wa tano

Niongeze kidogo upande wa sheria, maana watu huchanganya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inatambua mtunzi, inatambua mtumbuizaji, na inatambua mtayarishaji wa rekodi ya sauti. Huyo mtayarishaji wa kisheria ni yule aliyeanzisha na kubeba jukumu la kurekodi. Anaweza kuwa prodyuza, anaweza kuwa mfanyabiashara ambaye hajui hata kuwasha kinanda. Aliyepika biti anaweza kudai kama mtunzi wa muziki, lakini basi makubaliano yaandikwe. Ndugu wa Moro, na wale tisa mliandikiana?

Mdau wa Morogoro

Na wanne tuliandikiana. Watano tulipeana mikono.

Mtoa mada

Nimesoma yote, asanteni sana.

Mchangiaji wa pili, hoja yako ya Dre nimeizungusha kichwani toka mchana. Ni kweli kwamba kwa Dre wageni wanamzungumzia mwenyeji, na kwa Pete Rock hawamzungumzii. Hapo nakubali. Ila angalia pia upande wa pili. Maneno ya "Still D.R.E.", wimbo uliomtangaza kwamba amerudi, yaliandikwa na Jay-Z. Kile kinanda ambacho kila mtoto anakijua kilipigwa na Scott Storch. Tunamjua Dre kwa maneno ya wengine na vidole vya wengine, na wala simdharau, maana kuwachagua na kuwaongoza hao ndiyo kazi yenyewe. Basi kama tunampa Dre albamu yake kwa uongozi, Pete Rock tunamnyimaje, ambaye vidole ni vyake mwenyewe?

Unasema hujui alipitia nini 1998. Usiku huu rudi "Da Two" ukasikilize mdundo, maneno uyaache. Mtu amekosana na rafiki waliyeanza naye, na cha kumpa ni kile kile alichokuwa akimpa tangu mwanzo. Mimi namsikia humo. Inawezekana masikio yangu yanampendelea, lakini namsikia.

Mdau wa Nairobi, lile neno lako, kwamba unakupa mtaa, nitalipeleka kijiweni kesho.

Na ndugu wa Moro, hizo nyimbo mbili za wageni wa simu, mradi uko mikononi mwako bado, kwa nini usizirekodi upya? Waite waje. Wasipokuja, vesi zao mpe yule kijana aliyefuta mistari. Ile karatasi nayo, kama mwenyewe ataridhia, ipige picha utuwekee hapa tuione.