Binti yangu ana homa ya ini aina B, bibi yake kamtengea kikombe. Nifanyeje?

MamaKisauni
Assalam aleikum. Binti yangu wa miaka mitatu alilazwa kwa malaria, damu ikaonyesha homa ya ini aina B. Baada ya miezi sita akapimwa tena, bado ipo. Daktari akasema ni ya kudumu. Na mimi nimepimwa, ninayo. Dawa hatukupewa, tumeambiwa turudi kliniki tu. Mbona mtoto haanzishiwi dawa? Na chanjo zote alipata, kadi ninayo.

Kinachoniumiza zaidi ni nyumbani. Mama mkwe kamtengea kikombe cha plastiki cha kijani, huoshwa peke yake nje bombani. Binamu zake wamekatazwa kulala naye mkeka mmoja. Mtoto ameanza kuuliza.

NesiLikoni
Waaleikum salaam, pole sana dada. Chanjo ya homa ya ini aina B (hepatitisi B) huku kwetu imo ndani ya pentavalenti, ile sindano ya paja ya wiki ya 6, 10 na 14. Mama akiwa na virusi, mtoto huambukizwa zaidi wakati wa kuzaliwa, na kinachomkinga ni dozi ndani ya saa 24. Ya wiki ya 6 humkuta keshaambukizwa. Na akiambukizwa mchanga, takriban 90 kwa 100 hubaki nayo. Watu wazima hawafiki hata 5.

Kuhusu dawa, hamjapuuzwa. Katika umri huu kinga ya mwili mara nyingi haijaanza kupigana na virusi, kwa hiyo ini huwa halijaumia. Hupimwa ALT (kipimo cha damu kinachoonyesha kama ini linaumia), wingi wa virusi na ultrasaundi. ALT ikipanda na kubaki juu, hapo ndipo dawa huzungumzwa. Usiruke kliniki hata ukimwona anacheza mzima.

Mvita_72
Mtafutie dawa ya mizizi, husafisha ini.

NesiLikoni
Hapana, kaka. Baadhi ya mizizi hiyo huliumiza ini lenyewe. Na dada, mahindi au njugu zilizoota ukungu usimpe: aflatoksini, sumu ya ukungu huo, ikikutana na virusi hivi, hatari ya saratani ya ini huzidi.

BabaSalim
Wangu pia anayo, yuko darasa la pili. Kikombe kirudi kabatini! Haiambukizi kwa kula pamoja, kukumbatiana wala kulala mkeka mmoja. Hupita kwa damu. Vya kutenga ni mswaki, wembe na kikata kucha. Kidonda kifunikwe, damu ikidondoka, vaa glavu upanguse kwa klorini, maana virusi huishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Mumeo, bibi na binamu wote wapimwe, asiye na kinga achanjwe. Maneno haya mumeo ndiye amwambie mamake. Yakitoka kwako yataonekana ujeuri.

MamaKisauni
Ahsanteni sana, nitamwambia leo usiku. Sikusema: nina mimba ya miezi minne.

NesiLikoni
Basi kesho nenda kliniki ya wajawazito na majibu yako. Waombe wapime wingi wa virusi. Vikiwa vingi, utaanzishiwa tenofovir, dawa ya kupunguza virusi, ukiwa bado mjamzito. Utakapojifungulia, uliza mapema kama wana chanjo ya hepatitisi B ya peke yake, kwani pentavalenti haipewi mtoto wa siku moja. Wakiwa hawana, itafutwe kabla ya uchungu. Kunyonyesha ni salama, nyonyesha.