Naomba ushauri: tiketi ya London, kodi na tozo zinakaribia nauli yenyewe

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mamangu na binti yangu wa miaka 14 wanatoka hapa Mombasa kwenda London kumtazama dadangu aliyejifungua, kisha warudi. Wakala wa mjini amenipa karatasi ya bei: nauli dola 430 kwa kila mmoja, chini yake safu ya kodi na tozo zenye alama za herufi mbilimbili, na jumla kwa kila mmoja yapita 800.

GB najua ni kodi ya serikali ya Uingereza kwa abiria anayeondoka kule kwa ndege, na mtoto wa chini ya miaka 16 akiwa daraja la kawaida hatozwi. Mbona basi kwa binti yangu imo? Nimwambie wakala aiondoe, au mfumo ndio huiondoa?

Inayonitatiza zaidi ni YQ, kubwa kuliko zote. Hiyo ni tozo ya ziada inayowekwa na shirika la ndege lenyewe, si serikali, ila ameichanganya na kodi. Mama presha humsumbua. Akishindwa kusafiri, kodi zitarudishwa na YQ ipotee? Na nikipitia Addis Ababa au Doha badala ya Nairobi, itapungua?

Wakala ataka pesa kesho jioni. Mliokata karibuni, nisaidieni tafadhali.