Kuchemsha maharage ya wiki nzima kwa siku moja: yaungwe vipi ili kila jioni chakula kiwe tofauti?

Mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, anauliza:

Salaam kwenu nyote. Ninafanya kazi Kariakoo, na ninapofika nyumbani jua huwa limekwisha kuzama, huku watoto watatu na mama mkwe wangu wakisubiri chakula cha jioni. Maharage ndiyo kitoweo tunachokimudu na tunachokipenda, lakini kuyaanza mabichi saa moja ya usiku maana yake ni kula saa nne, na mtungi wetu wa gesi wa kilo sita haufiki mwisho wa mwezi kwa sababu ya kuchemsha huko kwa muda mrefu.

Nimeamua kuyachemsha kwa pamoja kila Jumapili, kisha niwe naunga kiasi tu kila jioni. Naomba mnisaidie mambo haya. Je, yachemshwe na chumvi au bila chumvi? Jirani yangu hutia magadi ili yaive upesi. Je, jambo hilo lina madhara? Yakishaiva, yanaweza kukaa kwenye friji kwa muda gani? Na lililo kubwa kwangu ni hili: nifanye nini ili sufuria hiyo moja itoe vyakula ambavyo watoto hawataviona kuwa ni kile kile cha jana? Nyama na samaki hatuvipati kila siku, kwa hiyo ningependa maharage haya yatulishe vizuri kadiri inavyowezekana.

Mwalimu wa Sayansi Kimu, Iringa, anajibu:

Dada yangu wa Tabata, umeamua vyema, kwa sababu karibu gesi yote inayotumika katika mlo wa maharage huishia kwenye kuchemsha, ilhali kuunga ni kazi ya dakika kumi na tano au ishirini tu.

Kabla ya jiko, tuanze sokoni. Maharage ya msimu huu huiva upesi kuliko yaliyokaa ghalani mwaka mzima, hasa yaliyohifadhiwa mahali penye joto na unyevu kama Pwani, kwa maana ganda na kiini chake hukakamaa kiasi kwamba hata kuyachemsha kwa saa nyingi hakuyalainishi sawasawa. Muulize muuzaji yametoka wapi na yalivunwa lini, na usikubali kuchanganyiwa aina mbili katika mfuko mmoja, kwani nusu yatavurugika huku nusu yakiwa bado magumu.

Usiku wa Jumamosi yachague, yaoshe, kisha yaloweke katika maji mengi kwa saa nane hadi kumi na mbili. Kwa joto la Dar es Salaam yasipite muda huo nje ya friji, kwa kuwa maji huanza kuchacha. Ukiwa umesahau kuloweka, yachemshe kwa dakika mbili, zima moto, yafunike yakae saa moja, kisha mwaga maji hayo na uendelee. Maji ya kulowekea yamwagwe kwa sababu hubeba sehemu ya zile sukari zinazojaza tumbo gesi, lakini yale ya kuchemshia usiyamwage hata kidogo, kwa maana yamechukua madini na vitamini na ndiyo mchuzi wako wa wiki.

Kuhusu chumvi, wengi tumelelewa tukiambiwa kwamba inayafanya maharage yawe magumu, na sikubaliani na jambo hilo. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila lita ya maji ya kulowekea husaidia ganda kulainika. Kinachozuia maharage kuiva ni uchachu: nyanya, ndimu, ukwaju na siki. Hivyo visitiwe hadi maharage yawe yameiva kabisa na kupondeka ukiyabana kwa vidole viwili, na hii ndiyo sababu nyingine ya kutenganisha siku ya kuchemsha na saa ya kuunga.

Magadi siyashauri, ingawa ni kweli kwamba yanaharakisha. Yanaharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharage, na yakizidi kidogo huacha ladha ya sabuni. Zaidi ya hapo, magadi ya kanda ya kaskazini huwa na floridi, madini ambayo yakizidi katika mwili wa mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengeka, huyaachia madoa ya kahawia yasiyotoka. Ukiloweka vizuri, hutayahitaji.

Yakishaanza kuchemka, yaache yachemke kwa nguvu kwa muda wa kutosha, nusu saa ili uwe na uhakika, kabla ya kupunguza moto na kuyafunika. Maharage, hasa yale mekundu makubwa, yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha. Maji yanayochemka kabisa huiharibu, lakini joto la chini halitoshi hata likikaa saa nyingi.

Yakiiva, usiiache sufuria kubwa ipoe yenyewe hadi asubuhi. Yagawe katika vyombo vidogo vyenye vifuniko, kila chombo kikiwa na kiasi cha jioni moja pamoja na mchuzi wake, uvikalishe kwenye beseni la maji baridi hadi mvuke uishe, halafu uviingize kwenye friji. Humo yatadumu siku tatu hadi nne, kwa hiyo ya mwisho wa wiki yaende kwenye friza tangu Jumapili ile ile, na uyahamishie chini kwenye friji usiku wa kuamkia siku utakayoyapika. Umeme ukikatika mchana kutwa na ukute chombo kimepata joto, usijaribu kukiokoa.

Wali usiupike wa wiki nzima. Unaiva kwa dakika ishirini na tano, kwa hiyo faida yake ni ndogo, na wali uliokaa nje hadi usiku unaweza kuota vijidudu vinavyotoa sumu isiyoondolewa na kupasha moto. Kiporo cha jana kilichowekwa kwenye friji mapema hakina tatizo.

Sasa kuhusu kubadilisha. Jioni moja kaanga kitunguu hadi kigeuke rangi, tia nyanya na karoti iliyoparuzwa, mimina maharage na mchuzi wake, na uponde kijiko kikubwa kimoja au viwili vya maharage hayo hayo ndani ya sufuria ili mchuzi uwe mzito bila unga wala kiungo cha dukani. Jioni nyingine kaanga kitunguu na kitunguu saumu peke yake, chuja maharage, yaponde hadi yashikane, ule na chapati. Ule mchuzi uliochuja uutumie kesho yake kupikia mchicha. Kwa watu wa Bukoba, ndizi mbichi na maharage hupikwa katika sufuria moja, na maharage yakiwa yameshaiva unangoja ndizi tu. Na ukichemsha mahindi yaliyokobolewa Jumapili hiyo hiyo, yaloweke nayo usiku kucha na uyapike katika sufuria yake, kwa sababu hayaivi kwa wakati mmoja na maharage. Utakuwa na makande ya kuunga kwa dakika chache katikati ya wiki.

Kuhusu kulisha vizuri: kile kinachopungua katika protini ya maharage kinapatikana kwenye mchele na mahindi, na kinachopungua kwenye nafaka hizo kinapatikana kwenye maharage, kwa hiyo wali na maharage au ugali na maharage ni mlo wenye maana. Madini ya chuma yaliyomo mwili hauyachukui kwa urahisi mpaka yapate vitamini C, basi kamua ndimu mezani, au weka kachumbari, au chungwa moja wagawane. Na chai isiandamane na chakula hicho. Mama mkwe akipenda kikombe chake, anywe saa moja baadaye.

Mzaliwa wa Mvita, Mombasa, anajibu:

Mwalimu amesema mengi ya kweli, lakini hakuigusa nazi, na sisi watu wa pwani hatuwezi kuzungumzia maharage tukaiacha. Dada, nazi moja kubwa hutosha milo miwili ukiikamua kwa mpango. Ikune, kamua tui zito kwa maji kidogo ya vuguvugu, uliweke kando, kisha rudia kwa maji mengi upate tui jepesi. Pashia maharage kwenye tui jepesi pamoja na kitunguu, bizari kidogo na pilipili nzima isiyopasuliwa, yachemke hadi mchuzi upungue, ndipo umimine tui zito mwishoni na ukoroge kwa upole bila kuliacha litokote kwa nguvu, kwa sababu likitokota hukatika na kuacha mafuta juu. Sehemu ya tui zito unayoibakiza igandishe kwenye friza siku ile ile, kwani kwenye joto letu tui halingoji kesho.

Ningependa pia usijifunge na maharage peke yake. Mbaazi zilizochemshwa kwa utaratibu huo huo, zikaungwa kwa tui, ndizo staftahi yetu pamoja na mahamri. Wewe unaweza kuzifanya kitoweo cha jioni, na zikibaki watoto wakazila asubuhi kwa mkate. Na pale unaporudi huna kilichochemshwa, adesi nyekundu haihitaji kulowekwa na huiva kwa dakika ishirini hivi, kwa hiyo weka kilo moja kabatini kwa ajili ya siku hizo.

Kwa mama mkwe wako, ikiwa meno yanamsumbua, mtengenezee borohoa: maharage au choroko zilizoiva sana, zikapondwa na kupitishwa kwenye chujio ili maganda yabaki, kisha zikapikwa kwa tui na kitunguu saumu hadi ziwe laini kama uji. Ni chakula cha heshima, wala si cha mgonjwa tu.

Mkazi wa Mbeya anajibu:

Nashukuru kwa mada hii. Naomba niongezee kwa ajili ya wasio na friji, maana tuko wengi, na pia wanaoishi nyanda za juu, ambako shida ni tofauti kidogo na ya Dar es Salaam. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage yale yale yanayoiva Tabata kwa saa moja na nusu huku yanachukua muda mrefu zaidi hata moto ukiwa mkali. Kuongeza moto hakusaidii kitu. Maji yanayochemka hayazidi joto lake, na unachopata ni mvuke mwingi na mkaa mwingi uliopotea.

Kinachotusaidia nyumbani ni kikapu cha kutunza joto. Tunachukua kikapu kirefu cha kusukwa, tunakijaza kuta nene za mabaki ya nguo na blanketi kuukuu, na tunashona mto wa kufunika juu. Maharage yaliyolowekwa yanachemka jikoni kwa nguvu kwa nusu saa kama Mwalimu alivyosema, na huku juu sisi huongeza dakika kumi, halafu sufuria inaingia kikapuni ikiwa imefunikwa na bado inatokota, bila kufunua hata mara moja. Baada ya saa nne au tano yanatolewa na kurudishwa jikoni yachemke tena. Sufuria iwe imejaa karibu hadi juu, kwa sababu sufuria yenye nafasi tupu hupoa haraka. Kikapu si mahali pa kuhifadhia chakula usiku kucha. Kikishakuwa vuguvugu, kinalea vijidudu badala ya kupika.

Asiye na friji asichemshe ya wiki. Achemshe ya jioni na ya mchana wa kesho yake tu, ayachemshe tena kabla ya kulala na alfajiri, na asiyatie nazi wala nyanya hadi saa ya kula, kwa kuwa yaliyoungwa huchacha mapema kuliko meupe.

Mkazi wa Tabata anaandika tena:

Nawashukuru sana, Mwalimu, dada wa Mvita na ndugu yangu wa Mbeya. Jumapili hii nitaanza kwa kilo moja na nusu ya maharage ya njano na nusu kilo ya mbaazi. Ninalo swali moja lililobaki. Shemeji yangu anataka kunipa sufuria ya presha aliyokuwa akiitumia, na mama mkwe anaiogopa kwa sababu alisikia zinapasuka. Je, niikubali?

Mwalimu wa Sayansi Kimu, Iringa, anajibu:

Ikubali, lakini uikague kwanza. Ndani ya sufuria hiyo maji hufikia nyuzijoto 120 hivi kabla ya kuchemka, na ndiyo maana maharage yaliyolowekwa huiva kwa dakika kumi hadi kumi na tano tangu presha inapokamilika. Hata huku kwetu milimani tofauti ya mwinuko haisumbui sana. Hofu ya mama mkwe wako ina msingi wake, kwa sababu zinazoleta ajali mara nyingi ni zile ambazo tundu la mvuke limeziba au ambazo mtu amelazimisha kifuniko kabla ya mvuke kuisha.

Angalia mpira wa kifuniko: ukiwa umepasuka au umekakamaa, nunua mwingine unaolingana na sufuria hiyo. Tazama tundu la mvuke kwenye mwanga. Lazima uone upande wa pili, na kama huoni, lizibue kwa sindano na maji ya moto. Kwa maharage usijaze kupita nusu ya sufuria, maji yakiwemo, kwani hutoa povu jingi linalopanda na kuziba tundu hilo, na kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia hulipunguza. Kwa kiasi ulichokitaja utapika kwa awamu mbili au tatu, mbaazi zikiwa peke yake. Ukizima jiko, iache presha ishuke yenyewe hadi kifuniko kifunguke bila kulazimishwa, na mwite mama mkwe aone mara ya kwanza unapofanya hivyo.