Kamera mtego juu ya miti: nampataje perere na komba mdogo wa Uluguru?

Mwalimu wa Kinole

Habari za jioni wadau. Nafundisha sekondari upande wa mashariki wa milima ya Uluguru na nalea klabu ya mazingira. Tulipewa kamera mtego mbili, zile zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, na kwa kibali cha wahifadhi tukaanza kuzifunga pembezoni mwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Chini mambo ni mazuri: tumempata panya buku, tumempata njule (yule mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga), na kanu mmoja, jamii ya fungo, aliyesimama akaitazama lenzi mpaka wanafunzi wakapiga kelele darasani.

Ninaowataka sasa ni wa juu: perere, yaani pimbi wa mitini, na komba mdogo, yule wa usiku mwenye macho makubwa. Usiku perere analia hapa jirani kwa sauti inayoanza kama mlango mkavu unaofunguliwa polepole, halafu inapanda. Watoto wanaijua sauti hiyo tangu wadogo, lakini karibu wote hawajamwona mwenyewe, isipokuwa waliomkuta amekwisha chunwa. Natamani wamwone akiwa hai. Tumefunga kamera kwenye shina kimo cha ngazi, na kadi inajaa majani yanayopeperuka na vivuli vyeupe visivyo na sura. Wenye uzoefu, nisaidieni.

Mpemba Asilia

Mwalimu, huku kwetu komba hana siri. Weka tembo la mnazi kwenye kibuyu, kifunge juu ya mti, atakuja mwenyewe. Wagema wanamjua vizuri, kila siku wanamkuta kesha kunywa. Kama tembo huko halipatikani, ndizi mbivu na asali.

Kamba na Tawi

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi umri. Nimefanya kazi ya kupanda miti na watafiti, Amani kwanza na baadaye Udzungwa, nikiwafungia kamera na vinasa sauti, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo.

Hayo majani ndiyo yanayowakatisha wengi tamaa. Sensa ya kamera hizi, yaani kihisi chake, inafuata joto linalohama. Kiumbe chenye joto tofauti na kilichoko nyuma yake kikikatiza, inapiga. Sasa jani lililochomwa na jua, upepo ukilipeperusha, nalo ni joto linalohama. Juu ya mti jua ni kali, upepo ni mwingi, na kama tawi ulilofungia linayumba, basi mbele ya sensa kila kitu kinahama. Chagua shina au tawi nene lisilotikisika. Elekeza kamera kaskazini au kusini ili jua la asubuhi na jioni lisiipige usoni. Punguza majani yote yaliyo karibu na lenzi. Na kwa kuwa perere na komba ni wa usiku, iwashe kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi tu. Baridi ya usiku huko milimani inakusaidia pia, maana mwili wenye joto unajitokeza vizuri.

Vile vivuli vyeupe ni mwanga wa infraredi wa kamera yenyewe, ambao macho yetu hayauoni, unaompiga mnyama kwa karibu mno. Ziba nusu ya taa zake kwa utepe mweupe wa karatasi. Nyingi ya kamera hizi zimetengenezwa kwa wanyama wakubwa walio mita kadhaa mbele, kwa hiyo kitu kikiwa chini ya mita moja na nusu kinatoka na ukungu. Mita mbili ni nzuri. Ukisogea mbali zaidi, sensa haimhisi komba mdogo, mwili wake haufiki hata robo kilo.

Kuhusu tawi lenyewe: usilitazame moja kwa moja kwa urefu, sensa ni hafifu kwa anayekuja usoni. Usilikatize pia, kwa sababu komba anaruka na kupotea kabla kamera haijaamka. Litazame kwa mshazari, kamera ikiwa juu kidogo ya njia yake. Na tafuta mahali anaposimama, si anapopita: penye utomvu unaochuruzika, penye maua, kwenye maungio ya miti miwili ambako lazima apime kabla ya kuruka.

Perere ni rahisi zaidi ukitembea mchana kwanza. Ana choo chake cha kudumu, na rundo la vinyesi utalikuta chini ya mti wenye pango. Ukiliona, umeshajua mti wa kufunga kamera.

Nikubishie kidogo, ndugu yangu wa Pemba. Tembo litamleta komba mkubwa, kweli kabisa. Yule mdogo anatafuta wadudu na utomvu, na asali kabla hajaja imeshajaa sisimizi, tena sisimizi wanaingia mpaka ndani ya kamera na kuharibu. Perere ni mla majani, ndizi yako haimhusu sana. Zaidi ya hapo, mnyama aliyezoeshwa kushuka kwenye chakula cha watu ni mnyama rahisi kuuawa.

Sasa hili naomba mlichukue kwa uzito. Picha peke yake haitakwambia ni komba gani. Hawa wadogo wa Tanzania wanafanana mno, na wataalamu wamewatenganisha zaidi kwa mlio. Komba mdogo wa milimani alielezwa kisayansi mwaka 1936 kutokana na vielelezo vilivyotoka Bagilo, huko huko Uluguru kwenu! Klabu yako iko kwenye milima aliyotambuliwa. Kwa hiyo weka kamera kwenye video yenye sauti, siyo picha mnato, na wanafunzi wakae nje jioni, mara tu giza linapoingia, na simu za kurekodi. Mlio na picha vikienda pamoja, mna ushahidi ambao mtafiti yeyote ataupokea kwa heshima.

Msiseme ni kazi ndogo ya shule. Kanu wa Lowe alijulikana kwa ngozi moja tu iliyopatikana mwaka 1932, mpaka kamera mtego ilipompiga picha Udzungwa mwaka 2000. Njule mwenye uso wa kijivu alinaswa kwenye kamera huko huko mwaka 2005 na kutangazwa kuwa spishi mpya mwaka 2008. Hizo zote zilikuwa kamera za chini. Huko juu ya miti ni wachache mno waliowahi kutega.

Dada wa Wundanyi

Naunga mkono hilo la sauti. Hapa Taita, Kenya, komba wetu mdogo wa milimani watu walidhani ameisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki wakamrekodi, na mwaka 2020 ikathibitishwa bado yupo, kwenye misitu ya Ngangao na Mbololo, ambayo ni vipande vidogo vilivyozungukwa na mashamba. Sauti ndiyo iliyoonyesha pa kuangalia.

Ombi langu moja, mwalimu: ukipata video ya perere usiandike popote jina la bonde wala mti. Kwetu wanawindwa, na mti wenye pango unakatwa ili watolewe. Perere hubeba mimba kwa miezi saba hivi na huzaa mtoto mmoja au wawili. Hawarudi haraka.

Mwalimu wa Kinole

Asanteni sana wote, nimeprinti uzi mzima niwasomee kesho. Dada, nimekuelewa, hatutataja mahali. Kamba na Tawi, ngazi yetu haifiki kwenye maungio ya matawi. Mnapandaje? Na je, wanafunzi wapande?

Kamba na Tawi

Wanafunzi wasipande hata kidogo, wala wewe usipande bila aliyefunzwa. Sisi tunarusha uzi mwembamba wenye kizito kwa manati kubwa juu ya tawi lililo hai, tunavuta kamba ya milimita 11 isiyonyumbuka, na mpandaji anavaa hanesi (mikanda ya kumshikilia mwilini) na kofia ngumu. Kabla ya kupanda, watu wawili wananing'inia pamoja kwenye kamba kupima tawi. Tawi kavu, lenye uyoga au lenye nyuki, tunaliacha.

Ila kwa kuanzia huna haja ya kupanda. Kinole ina mteremko mkali. Tafuta mti ulioota bondeni ambao matawi yake yanafikia usawa wa ukingo, funga kamera kwenye mti imara wa ukingoni, utakuwa unatazama katikati ya matawi huku umesimama ardhini. Weka betri za lithiamu, alkalini zinazimika mapema kwenye baridi, na kifuko cha kufyonza unyevu ndani ya kasha. Iache wiki tatu bila kuigusa. Ukirudi, sikiliza video hata zile zisizo na mnyama.