Naombeni ushauri: nimuuze beki wa dola milioni 10 au nibaki naye?

Kijana wa Baridi: Wakuu, heshima kwenu. Niko Edmonton, Canada. Kazini kwetu bohari tuna ligi ya fantasi ya hoki ya barafu (kila mtu anaunda timu ya kubuni kwa wachezaji wa kweli), tuko kumi, tunatumia mishahara halisi ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Canada. Kikomo cha mishahara ya timu nzima ni kilekile cha NHL msimu wa 2025-26, dola milioni 95.5, ukizidisha hata senti, huingizi mtu. Nina beki Erik Karlsson, anakula milioni 10 kwa mwaka mpaka mkataba uishe 2027. Kuna mtu anamtaka, ananipa vijana wawili wa mshahara mdogo, ila anataka nusu ya mshahara wa Karlsson iendelee kuhesabiwa kwenye kikomo changu. Nikubali?

Mzee Chakubanga: Kamari hiyo. Mdogo wangu aliuza pikipiki kwa sababu ya mikeka, leo anapanda daladala kwa nauli yangu.

Kijana wa Baridi: Mzee wangu shikamoo, hatuwekei hela.

Beki Tatu: Mkuu, NHL inaruhusu timu inayouza kubakiza hadi nusu ya mshahara, lakini kuruhusiwa ni kitu kingine. Timu ya Toronto walimpeleka mchezaji wao Phil Kessel timu ya Pittsburgh 2015, wakabakiza milioni 1.2 katika 8. Jamaa akabeba Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL, 2016 na 2017, huku Toronto wakihesabiwa hela yake hadi 2022. Hata huyo Karlsson, San Jose walipomwachia 2023 walibakiza 1.5 tu katika 11.5, ndiyo maana kwako anasomeka 10. Wewe 5 za nini? Mnunuzi nani?

Kijana wa Baridi: Jamaa tu wa kazini.

Beki Tatu: Jamaa gani?

Kijana wa Baridi: Haya. Ni bosi wangu wa zamu, ndiye anayepanga nani aingie usiku. Na Ijumaa nilishamwambia "poa", ila sijabonyeza. Lakini simwogopi! Karlsson keshafika miaka 35, hayo magoti yatamshika mpaka lini?

Mama Ntilie: 😂😂 Kumbe huuzi beki, unanunua zamu za mchana.

Kiboko Yao: Chai hii, tena ya tangawizi. Huyuhuyu mwezi jana aliuliza mbolea ya kukuzia mahindi Mbozi. Leo yuko kwenye barafu?

Kijana wa Baridi: Shamba la mama, hela natuma mimi. Kuna ubaya?

Wa Kayole: Msimcheke bana. Hata Nairobi kuna timu ya hoki ya barafu, Ice Lions, wanachezea pale hoteli ya Panari, Mombasa Road. Nilienda siku moja, nikaanguka mara tisa, jeans ikalowa mpaka kondakta akanikataza kukaa.

Kiboko Yao: Basi tuambie, kwenye mahindi uliweka nini?

Kijana wa Baridi: CAN, mifuko miwili kwa eka. Jamani turudini kwa Karlsson, bosi kaandika sasa hivi: "Vipi, tumemalizana?"

Mzee Chakubanga: Mifuko miwili eka moja? Weka picha.