Je, matangazo ya kulipia yanaweza kutuchagulia maneno ya kuandikia kurasa?

MjengaTovuti (mwanzisha mada)

Habari zenu, wanajukwaa. Tunauza programu ya uhasibu kwa biashara ndogo. Orodha yetu ina maneno 40 ambayo tungependa tovuti yetu ionekane mtu anapoyatafuta, lakini uwezo wetu wa kuandika kwa miezi 3 ijayo hauzidi kurasa 7. Nilipendekeza tununue matangazo ya Google kwa wiki chache ili tujue ni maneno gani yanaleta wateja, kisha tuyaandikie hayo kurasa za kugombea nafasi katika matokeo yasiyolipiwa. Jaribio la kwanza limetugawa. "Programu ya uhasibu" imeleta mibofyo 120 na hakuna aliyejiandikisha, ilhali "programu ya kutoa ankara" imeleta mibofyo 140 na watu 4 wakajiandikisha. Mwenzangu anataka tulifute neno la kwanza leo hii. Je, yuko sahihi? Na je, fedha tunazolipa kwenye matangazo zinaisaidia tovuti kupanda katika matokeo ya kawaida?

Mpima_Maneno

Nianze na swali la mwisho kwa kuwa jibu lake ni fupi: hapana. Kulipia matangazo hakuipandishi tovuti katika matokeo yasiyolipiwa. Unachonunua ni taarifa, wala si nafasi.

Kuhusu neno la kwanza, kabla ya kulihukumu fungua ripoti ya maneno yaliyotafutwa, maana neno ulilonunua na maneno ambayo watu waliyaandika kwa mikono yao ni vitu viwili tofauti. Ukiwa umeacha ulinganisho mpana, yaani mpangilio unaoiruhusu Google kuonyesha tangazo hata kwa utafutaji unaokaribiana tu na neno lako, tangazo la "programu ya uhasibu" linaweza kumtokea mtu anayetafuta nafasi ya kazi ya uhasibu, na hata mwanafunzi anayetafuta maswali ya mtihani. Ulinganisho kamili, ule unaotakiwa kulifuata neno lako lenyewe, nao si kamili kama jina lake linavyodai, kwani tangu 2018 Google huuhesabu utafutaji wenye maana ileile hata kama maneno yamebadilika. Tena tangu 2020 ripoti hiyo huficha maneno yanayotafutwa na watu wachache, kwa hiyo usishangae jumla ya mibofyo ikipungua unapoijumlisha mwenyewe. Hakikisha pia kwamba kampeni inaonyeshwa kwenye utafutaji wa Google peke yake; mibofyo inayotoka kwenye tovuti washirika na kwenye mtandao wa mabango (matangazo ya picha ndani ya tovuti nyingine) haikuonyeshi vizuri neno lako linavyofanya kwenye Google.

KaraniWaTakwimu

Nakubaliana na aliyetangulia, ila hata kama mibofyo yote ingekuwa safi, hesabu yenyewe haimruhusu mwenzako kufuta kitu. Ipo kanuni rahisi: ukijaribu jambo mara kadhaa na halikutokea hata mara moja, gawanya 3 kwa idadi ya majaribio, nawe utapata kiwango cha juu ambacho bado kinawezekana, kwa uhakika wa takriban asilimia 95. Kwa mibofyo 120 jibu ni asilimia 2.5. Neno la pili, lenye watu 4 katika 140, limefikia takriban asilimia 2.9. Tofauti hiyo ni nyembamba mno kuwa hukumu. Tuseme maneno yote mawili yana nguvu sawasawa: bado kuna uwezekano wa takriban asilimia 8 kwamba wote 4 wangeangukia upande wa ankara kwa bahati tu. Amueni mapema mtasubiri mibofyo mingapi kwa kila neno, na msichungulie matokeo kila asubuhi mkitafuta sababu ya kusimamisha jaribio.

Jambo ambalo watu wengi hulisahau ni kwamba tangazo hupima pia wingi wa utafutaji. Tangazo likionekana mara 3,000, na ripoti ikaonyesha kwamba sehemu yenu ya maonyesho (mara lilizoonekana kati ya zote ambazo lingeweza kuonekana) ni asilimia 40, basi zilikuwapo nafasi zipatazo 7,500 katika maeneo na saa mlizochagua. Kwangu mimi takwimu hiyo ina manufaa kuliko makadirio ya Keyword Planner, zana ya Google ya kukadiria wingi wa utafutaji, ambayo kwa akaunti zenye matumizi madogo hutolewa kwa mafungu mapana sana.

Mhariri_Kimya

Niongeze tahadhari moja. Mtu anayebofya tangazo mara nyingi amekwisha karibia kununua. Anayeuliza "namna ya kuandaa ankara" bado anajifunza, na kwenye tangazo ataonekana hana faida. Ukurasa mzuri unaojibu swali lake unaweza kumrudisha baadaye akiwa mteja, jambo ambalo jaribio la wiki chache haliwezi kuliona. Tangazo pia halitakuambia ugumu wa ushindani. Hilo litafute kwa macho: andika neno kwenye Google, kisha uone ni kurasa za aina gani zimekaa juu. Zikiwa zote ni makala za mafunzo, ukurasa wako wa mauzo utahangaika hata kama neno hilo linauza vizuri kwenye matangazo.

MjengaTovuti

Nawashukuru nyote. Nimefungua ripoti jioni hii nikaona aibu kidogo: kati ya mibofyo 120, mibofyo 52 ilitoka kwa watu waliotafuta ajira za uhasibu au masomo ya uhasibu. Nimeweka "ajira", "masomo" na "mtihani" kwenye orodha ya maneno ya kuzuiwa, nimebadili ulinganisho, na tumekubaliana na mwenzangu kwamba hakuna neno litakaloguswa kabla ya kufikisha mibofyo 400. Hesabu inaanza upya kesho. Ukurasa wa ankara tunauandika sasa hivi, kwa sababu nimelitafuta neno hilo kama alivyoshauri Mhariri na matokeo ya juu yote ni kurasa za programu kama yetu.